Kufuli limegoma na ufunguo haupo? Weka kwanza hiyo nyundo chini

Kufuli likigoma kila jirani anageuka fundi, na ushauri wa kwanza huwa "lete nyundo". Sasa hiyo nyundo ndo inaharibu. Ndani ya kufuli la kawaida kuna pini ndogo kama nne au tano hivi zimekaa kwenye springi, ukiligonga hovyo bodi linabonyea pini zinakwama, halafu jioni ufunguo unapatikana chini ya godoro na wenyewe hauingii tena.

Kupiga risasi tuwaachie watu wa muvi, kipande cha chuma kinaweza kukurudia usoni.

Eti ufunguo ukivunjikia ndani ndo basi? Wala. Pulizia WD-40, ile dawa ya kopo ya kulegeza vyuma, subiri kidogo, ukiona kipande kimechungulia kivute na plaizi nyembamba, kisha peleka vipande vyote viwili kwa mchonga funguo, anavipanga na kukuchongea mpya. Ila usimimine mafuta ya kula jamani, yanaganda yanashika vumbi, na walioko Tanga au Mombasa chumvi ya bahari inayowalia makufuli inawatosha.

Kufuli la namba ndo watu wanaliogopa bure. La namba tatu lina michanganyiko 1,000 tu, kuanzia 000 mpaka 999, kaa chini weka redio vuta mkono wa kufuli kidogo huku unazungusha moja moja, ndani ya saa moja au pungufu umemaliza zote. La namba nne hapo ni 10,000, ukichoka sikulaumu.

Wengine wanaamini msumeno wa chuma unakata kila kitu. Angalia ule mkono uliopinda, kama umechapwa neno HARDENED, yaani chuma kimekomazwa, msumeno utateleza tu mpaka meno yaishe, hapo ni grainda yenye jiwe la kukatia chuma. Miwani lazima, na kama ni duka la gesi au kuna petroli karibu usithubutu, zile cheche si mchezo. Na kabla hujawasha angalia kile kichuma cha mlangoni ambacho kufuli limepita, mara nyingi ni laini kuliko kufuli lenyewe, unakata hicho na fundi welding anachomelea kingine.

Halafu fundi wa vitasa akija siyo lazima akate. Makufuli mengi ya bei rahisi anayafungua bila kuyaumiza, tena anaweza kukutengenezea ufunguo kutoka kwenye kufuli lenyewe. Akikuuliza mlango ni wa nani usinune, anajilinda.

Ila kama kufuli siyo lako, kalipiga mwenye nyumba sababu ya kodi, hapo weka grainda pembeni uende serikali ya mtaa, maana ukilikata kesi inaweza kukugeukia wewe hata kama vitu vya ndani ni vyako.