Motisha ya mwalimu ipimwe kwa mtoto mmoja mmoja

Kila matokeo ya darasa la saba yanapotangazwa, hapa Mtwara huzuka hoja ileile: je, walimu wa shule iliyofaulisha vizuri wapewe fedha? Nikiwa mkufunzi wa upimaji na tathmini, nimeulizwa swali hili na walimu wakuu, maofisa elimu kata na wajumbe wa kamati za shule. Naamini mwalimu anastahili kutuzwa kwa maendeleo ya wanafunzi wake, lakini wastani wa ufaulu wa shule ndicho kipimo kibaya kuliko vyote tunavyoweza kuchagua.

Wastani hupanda kwa kufundisha, na hupanda vilevile kwa kuwapunguza watoto wanaoushusha. Msimu wa korosho huku kwetu huangukia wakati uleule wa upimaji wa darasa la nne mwishoni mwa Oktoba, na mtoto anayefuatana na wazazi shambani Tandahimba au Newala hurudi akiwa ameachwa nyuma sana. Nimeshuhudia mtoto wa namna hiyo akikaririshwa darasa, si kwa faida yake, bali ili asiharibu takwimu za shule. Nimeshuhudia pia mwalimu wa darasa la pili akibaki na mvulana aliyetoka shambani, kadi za silabi zimepangwa juu ya dawati, mtoto anasoma "ba", anasoma "be", anakwama kwenye "nywa", naye anamrudisha taratibu bila kumkemea. Kazi ya mwalimu huyo haionekani popote kwenye wastani wa darasa la saba, na hilo linaniuma.

Nchini mwetu jambo hili limepimwa. Mwaka 2013 na 2014, mpango wa KiuFunza wa shirika la Twaweza ulihusisha shule za msingi 350: baadhi zilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi, katika nyingine mwalimu aliahidiwa shilingi 5,000 kwa kila mtoto wa darasa la kwanza hadi la tatu atakayefaulu somo, nyingine zikapata vyote viwili, na zilizobaki hazikupata kitu. Ruzuku peke yake haikuinua ujifunzaji, motisha peke yake ilitoa matokeo mchanganyiko, ila vilipokwenda pamoja watoto walijifunza zaidi kwa kiwango cha wazi. Kwa hiyo anayetaka kumtuza mwalimu huku darasa halina vitabu anataka matunda ya nusu ya kazi.

Majirani zetu wa Kenya, katika wilaya za Busia na Teso, waliwahi kuwapa walimu zawadi kwa kufuata alama za mitihani; alama zilipanda, mazoezi ya mitihani yakaongezeka, lakini mafanikio hayo hayakudumu baada ya zawadi kukoma.

Ndiyo maana napendekeza malipo yahesabiwe kwa kila mtoto na kwa kila hatua: silabi, maneno, sentensi, aya. Mtoto aliyetoka shambani akivuka hatua moja tu, mwalimu wake apate haki yake, naye atakuwa na sababu ya kwenda kumuulizia kwao. Mtoto apimwe na mtu asiyetoka shuleni hapo, orodha ya watoto ifungwe mapema ili asiondolewe mtu, na fedha zilipwe kabla ya muhula unaofuata kuanza, kwa sababu mwalimu aliyeahidiwa akacheleweshwa hataiamini ahadi ya mwaka wa pili.