Mtoto, bustani na chungu cha mboga Lubumbashi: dhana potofu na ukweli wake

Mvua zinaposhika kasi Lubumbashi, kwa kawaida mwezi wa Novemba, ni vigumu kukuta lupango, yaani kiwanja cha nyumba, lisilo na tuta. Katika komuni za mji, kama Katuba, Kenya, Ruashi na Kampemba, watu hupanda mahindi mpaka karibu na mlango, na vipande vya mashina ya matembele huchomekwa kandokando ya ukuta. Watoto wadogo wapo wakati wote huo, ila kazi yao kubwa ni kufukuzwa: bustanini wanaambiwa wataokota minyoo, jikoni wanaambiwa wataungua. Baadhi ya hofu hizo zina msingi. Kinachonisumbua ni kwamba tunamaliza nguvu zetu kwa kuogopa mambo yenye madhara madogo, au yenye madhara yanayozuilika kwa sabuni na uangalizi, huku yale yanayoweza kumdhuru mtoto kwa miaka mingi yakipita bila mtu kuyauliza.

“Mtoto akichezea udongo atapata minyoo”

Udongo wenyewe hauzai minyoo. Mayai ya minyoo ya tumbo huingia ardhini pamoja na kinyesi cha binadamu, kisha humfikia mtoto kwa njia ya vidole, kucha na mboga zisizooshwa; minyoo ya safura hupenya ngozi ya miguu isiyo na viatu. Kwa hiyo swali la kwanza linahusu choo: je, kila mtu katika lupango hukitumia, na maji yake yanaelekea wapi mvua inaponyesha? Yakiwa mbali na matuta, mtoto avae kandambili, akatwe kucha, anawe kwa sabuni kabla ya kugusa chakula, na samadi itumike ikiwa imeoza kabisa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza pia watoto wa maeneo yenye minyoo mingi wapewe dawa kwa vipindi kuanzia umri wa miezi 12, na dawa hiyo inawahusu hata wale wasioruhusiwa kushika jembe.

“Udongo ni udongo, na mboga ikioshwa imetakata”

Hapa ndipo mkazi wa Lubumbashi anapopaswa kukaa na kufikiri, kwa sababu ushauri wa bustani ulioandikwa kwa miji mingine haumtoshi. Mji huu ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na tanuru la kuyeyushia madini lilianza kazi mwaka uliofuata. Kwa miongo mingi upepo unaovuma kutoka kusini-mashariki ulichukua moshi wa tanuru hilo na kuangusha shaba, zinki, risasi, kadimi, kobalti na aseniki juu ya ardhi iliyo upande wa pili. Mtaa wa Penga-Penga, ulio katika njia ya moshi huo, umekuwa mfano unaorudiwa mara kwa mara katika kazi za watafiti wa udongo. Moshi unaweza kupungua au kukoma, lakini metali hazifuati mkondo huo: haziozi, na nyingi hubaki katika tabaka la juu la ardhi, ambalo ndilo mizizi ya lengalenga (mchicha) na vidole vya mtoto hukutana nalo.

Kuosha mboga kuna faida kubwa, na mtu asiache. Maji safi, hasa yakibadilishwa mara mbili au tatu, huondoa vumbi lililotua juu ya jani, na vumbi hilo ni sehemu ya tatizo. Lakini metali ambayo mmea umeivuta kwa mizizi imo ndani ya jani lenyewe, na haitoki kwa maji, wala kwa chumvi, wala kwa kuchemsha. Mboga za majani kwa kawaida hukusanya zaidi kuliko punje na matunda, kwa hiyo katika udongo huohuo mhindi unaweza kuwa na afadhali kuliko lengalenga.

Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha matokeo ya kupima mkojo wa wakazi wa Katanga, mkoa wa Lubumbashi wakati huo. Walioishi umbali usiozidi kilomita 3 kutoka migodini au kwenye viwanda vya kuyeyushia madini walikuwa na viwango vikubwa vya metali kadhaa, kobalti ikiwa miongoni mwake, na kwa kobalti watoto walizidi watu wazima. Hilo lisimshangaze mtu. Mtoto hukaa chini, hutia mkono mdomoni, na mwili wake hupokea kwa pupa: Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima, na kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Sehemu inayoathirika zaidi ni ubongo unaokua.

Je, bustani iachwe? Sioni hivyo. Kinachotakiwa ni kujua historia ya mahali kabla ya kupanda. Waulize wazee wa mtaa kulikuwa na nini pale: rundo la taka za tanuru, gereji iliyovunja betri za magari, mahali pa kuoshea mawe ya madini? Ikiwa jibu linatia shaka, usipande majani katika ardhi hiyo, wala usimwache mtoto achimbe hapo. Leta udongo kutoka mahali palipo mbali na viwanda na uuweke katika magunia au tuta lililoinuliwa. Katika ardhi yenye shaka ndogo, chokaa ya kilimo na mboji nyingi husaidia, kwa sababu zinapunguza uchachu wa udongo na kuzifanya metali nyingi, kadimi na risasi zikiwamo, zishikamane na udongo badala ya kupanda kwenye mizizi. Maji pia yana historia yake, na kisima kilichochimbwa kando ya kiwanda hakifai kumwagilia mboga ya mtoto. Lishe nayo ina nafasi hapa, maana mtoto aliyepungukiwa na madini ya chuma au kalisi hufyonza risasi zaidi kuliko aliyeshiba vizuri.

“Asiye na shamba hana bustani”

Gunia moja, au beseni lililotoboka na kuongezewa matundu ya kutolea maji, linatosha kwa mtoto wa miaka mitatu. La kufikiria zaidi ni uchaguzi wa mmea. Nyanya huchukua takribani miezi mitatu tangu kuhamishwa kitaluni, na kwa umri huo miezi mitatu haina mwisho. Lengalenga huchipua ndani ya wiki moja na huanza kuchumwa baada ya wiki tatu au nne, na shina la matembele lililochomekwa ardhini halihitaji ufundi wowote. Mbegu za lengalenga ni ndogo mno kwa kiganja cha mtoto, naye huzimwaga zote mahali pamoja. Zichanganywe na mchanga mkavu kwanza, kisha anyunyize apendavyo na kufukia kidogo sana.

Kiangazi kinapoingia, kuanzia Mei, magunia yahamishiwe karibu na mahali pa kuchotea maji. Wenye kulima dembo, yaani bonde lenye unyevu, wanaweza kuendelea. Sisi wa lupango tusiahidi makubwa.

“Mtoto jikoni ni hatari, na mvulana hana kazi huko”

Hatari ipo, na jina lake ni mbabula, jiko la makaa. Chombo hicho hukaa chini, kwenye kimo cha kifua cha mtoto, na sufuria iliyo juu yake hupinduka kwa kuguswa tu. Chora duara la mita moja kuzunguka moto na ulifanye kuwa sheria isiyojadiliwa. Na wakati wa baridi ya Juni na Julai, mbabula yenye makala (makaa) yanayowaka isiingizwe katika chumba kilichofungwa, kwa sababu gesi yake huua bila harufu wala dalili inayoeleweka mapema.

Nje ya duara hilo kazi zimejaa. Mtazame mtoto wa miaka minne aliyepewa lungo la maharage: mwanzoni huokota yale yenye rangi anayoipenda na kuyapanga pembeni, kisha anagundua jiwe, anaupeleka mkono kwa mama kuonyesha, na tangu hapo anatafuta mawe tu. Polepole anazijua pia punje zilizotobolewa na wadudu, kwa sababu kidole chake huingia palepale penye tundu. Anaweza kunyofoa majani ya lengalenga kutoka kwenye mashina, kuosha nyanya, kumenya ndizi, kukamua ndimu. Kazi itachukua muda mrefu zaidi, hilo ni kweli, na siku ambayo watu wanangoja chakula mzazi asijilaumu kwa kuifanya peke yake. Kuhusu wavulana, sijaona bado mvulana aliyedhurika kwa kuchambua mboga.

“Mboga za majani ni chakula cha waliokosa nyama”

Shirika la Afya Duniani na UNICEF hupima lishe ya mtoto wa miezi 6 hadi 23 kwa makundi 8 ya vyakula: maziwa ya mama, nafaka pamoja na mizizi na ndizi za kupika, kunde na karanga, maziwa na mazao yake, nyama na samaki, mayai, mboga na matunda yenye vitamini A, na mboga na matunda mengine. Kiwango cha chini ni makundi 5 kwa siku. Sasa hesabu sahani ya kawaida kabisa ya Lubumbashi: bukari (ugali), lengalenga iliyoungwa kwa karanga za kutwanga, nyanya, na ndagala (dagaa) kidogo. Hayo ni makundi matano tayari, na kwa mtoto anayenyonya yanakuwa sita. Sahani ya bukari na kipande kikubwa cha nyama peke yake ina makundi mawili.

Kosa linalofanyika ni katika kugawa. Mtu mzima anapata ndagala na majani, mtoto anachovyewa bukari katika mchuzi, na nyumba nzima inaamini kwamba “nguvu” zote zimeingia katika supu. Hazikuingia. Protini na sehemu kubwa ya madini zimebaki katika samaki na majani yenyewe. Ndagala wakavu wakioshwa, wakakaushwa tena na kutwangwa mpaka wawe unga, mtoto wa miezi minane huweza kulishwa pamoja na mifupa yao, ambayo ni chanzo kizuri cha kalisi. Mafuta kidogo yaongezwe pia, maana vitamini A ya majani haifyonzwi vizuri bila mafuta. Mawese yanafaa sana kwa kuwa wekundu wake ndio karotini yenyewe, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na wanaoyachoma mpaka yageuke meupe wanaichoma pamoja na harufu wanayoikimbia.

“Amekataa, basi haipendi”

Mtoto mdogo huhitaji kuonjeshwa chakula kipya mara nyingi, pengine mara 8 hadi 15, kabla ya kukizoea, na uchungu wa majani huuhisi kwa ukali kuliko sisi. Akitema leo, apewe kidogo tena baada ya siku chache, bila ugomvi na bila zawadi ya biskuti.

“Kikishalainika kimeiva”

Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayosababisha kutapika na kuharisha, na moto hafifu hauivunji. Mbabula yenye makala machache inaweza kuyalainisha kwa saa nyingi bila kuyafikisha kwenye mchemko wa kweli. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji yale, weka mapya, na yatokote kwa nguvu nusu saa nzima kabla ya kupunguza makala. Hii pia huokoa makala, ambayo bei yake kila mwenye nyumba anaijua.

Sombe inadai uangalifu zaidi. Majani ya muhogo yana kemikali inayotoa sianidi, na kutwanga ndiko kunakoruhusu kimeng’enya cha jani lenyewe kuivunja. Kisha mchemko wa muda mrefu huku chungu kikiwa wazi huifukuza kwa mvuke. Anayekatakata majani kwa kisu ili kuwahi, au kuyatwanga nusunusu, amepunguza hatua iliyo muhimu kuliko zote. Na magadi yanayotiwa ili sombe au maharage yaive haraka na kubaki na rangi nzuri huharibu vitamini C na vitamini B1. Kwa chungu ambacho mtoto atakula, ningeyaacha.

“Karanga zenye ukungu zikikaangwa hazina neno”

Ukungu unaoota juu ya karanga na mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu unaweza kutoa aflatoksini, sumu inayodhuru ini, na joto la kikaango haliimalizi. Kutwanga huificha tu. Hapa macho na vidole vya mtoto vinafaa kuliko vyetu: mpe kazi ya kutenga punje zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye unga wa kijani, nawe uzitupe, usizipeleke kwa kuku. Punje nzima asizile mwenyewe kabla ya kufikisha miaka mitano, kwa sababu ya hatari ya kumpalia, zake zitwangwe.

“Chai baada ya chakula humsaidia mtoto kusaga”

Chai huzuia sehemu kubwa ya madini ya chuma ya maharage na lengalenga yasifyonzwe, na ikinywewa pamoja na mlo inaondoa faida ambayo mama ameihangaikia tangu asubuhi. Vitamini C hufanya kinyume chake. Ndimu iliyokamuliwa juu ya mboga baada ya kuipua, au kipande cha papai au embe wakati wa msimu wake, kitamfaa zaidi. Na chai, ikiwa ni lazima, mtu mzima aingoje saa moja, mtoto asiinywe.