Vikonyo vya Mboga kwa Afya ya Utumbo: Maswali Tunayoulizwa Kliniki

Vikonyo vya mboga vina faida gani tumboni?

Mboga za majani zinazonunuliwa katika masoko ya Kiborloni au Kilombero huchambuliwa nyumbani, majani yakaingia sufuriani na vikonyo vikaenda kwa ng'ombe au sungura. Vikonyo hivyo vina nyuzinyuzi, yaani sehemu ya mmea ambayo utumbo mwembamba hauwezi kuimeng'enya. Baadhi yake hushika maji na kulainisha choo. Nyingine hufika katika utumbo mpana, ambako bakteria rafiki huzichachusha na kutengeneza asidi zinazolisha ukuta wa utumbo. Kwa kulisha bakteria hao, vitunguu maji na vitunguu saumu vina nguvu zaidi, kwa hiyo vikonyo visigeuzwe kuwa dawa. Ni chakula kizuri tunachokitupa.

Mtu mzima anahitaji nyuzinyuzi kiasi gani?

Shirika la Afya Duniani linashauri angalau gramu 25 kwa siku. Anayeshindia ugali wa sembe na nyama choma, kachumbari ikiwa kama pambo la sahani, hafiki huko. Dona, maharage na kunde humsogeza mbele kuliko vikonyo peke yake.

Viandaliwe vipi?

Vioshwe kwa maji safi yanayotiririka, vya sukuma wiki iliyokomaa vimenywe ganda, kisha vikatwe vyembamba na kutangulia jikoni kama dakika 5 kabla ya majani. Magadi hayahitajiki, kwani huharibu vitamini C. Mashina ya nyanya na ya viazi mviringo hayaliwi kabisa, kwa kuwa yana sumu.

Mbona nimejaa gesi?

Umeanza na sahani nzima. Anza na kidogo, uongeze taratibu, na unywe maji ya kutosha, kwa sababu nyuzinyuzi bila maji huweza kukifanya choo kuwa kigumu zaidi.

Nikiona damu kwenye choo, niongeze mboga kwanza nione?

Hapana. Damu kwenye choo haisubiri mboga, na haisubiri mavuno wala ada za watoto kulipwa. Tunapokea wazee, na siku hizi hata vijana, waliokaa na damu kwa miezi mingi wakibadilisha vyakula na mitishamba, wakafika kwetu wamekonda na damu imepungua mwilini.

Lakini mimi najua ni bawasiri, hata marehemu baba alikuwa nayo.

Hujui, baba yangu, na hata sisi hatujui mpaka tupime. Ni kweli kwamba mara nyingi huwa ni bawasiri. Lakini saratani ya sehemu ya chini ya utumbo mpana nayo hutoa damu nyekundu ileile, na mtu anaweza kuwa na vyote viwili kwa wakati mmoja. Saratani hiyo ikigunduliwa mapema hutibika vizuri zaidi. Kwa hiyo jibu halibadiliki: hapana, usisubiri.

Na dawa ya kusafisha tumbo, ninywe?

Usinywe, hasa ya chupa isiyoandikwa kilichomo. Kujiharisha kila wiki hupoteza maji na chumvi za mwili, na si tiba ya damu. Tumbo likivimba na kuuma, ukawa unatapika na kushindwa kutoa hata hewa, usile vikonyo wala usinywe dawa yoyote ya kuharisha. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Naona aibu kupimwa huko nyuma.

Wengi huona aibu, akina baba zaidi. Daktari huanza kwa kidole chenye glavu, jambo la muda mfupi, na akiona haja hukupeleka kwenye kipimo cha kamera. Mweleze damu ilianza lini, kama mpangilio wa choo umebadilika kwa wiki 3 au zaidi, kama umepungua uzito, na kama katika familia kuna aliyewahi kuugua saratani ya utumbo. Na dawa zote ulizokwisha kunywa, pamoja na zile za chupa, mtajie bila kuficha.