Miamba ya Jurasiki haipimwi kwa kaboni

Wengi wanaamini umri wa miamba yenye visukuku (mabaki ya viumbe wa kale) hupimwa kwa kaboni-14, aina ya kaboni yenye mionzi. Chukua kikokotoo: kaboni hiyo hupungua kwa nusu kila miaka 5,730 hivi. Gawa kwa mbili mara kumi. Baada ya miaka 57,300 haibaki hata sehemu moja ya elfu. Jurasiki, kipindi kimoja cha enzi ya dinosaria, ilikwisha miaka milioni 145 hivi iliyopita!

Kinachosaidia ni amonaiti, jamaa wa ngisi mwenye gamba lililojisokota. Maumbo yake yalibadilika upesi na kuenea mbali baharini, hivyo kila tabaka lina aina zake. Huko Tendaguru, mkoani Lindi, Tanzania, tabaka za bahari zenye amonaiti zimepishana na zile za mifupa ya dinosaria. Amonaiti huonyesha kipi kilitangulia. Miaka yenyewe hutokana hasa na urani, ambayo hupungua vivyo hivyo lakini polepole mno, ndani ya fuwele za majivu ya volkano.