Je, wajua kwa nini Stalin aliipa tuzo riwaya ambayo shujaa wake aliwapiga Wekundu, yaani wapiganaji wa kikomunisti?

Machi 1941, Mikhail Sholokhov alipewa Tuzo ya Stalin kwa riwaya yake ya juzuu nne, Tikhiy Don, yaani Don Mtulivu. Ukiisoma leo unabaki kujiuliza ilipenyaje. Grigory Melekhov, mhusika mkuu, ni Mkosaki wa bonde la mto Don. Anapigana chini ya Tsar, mfalme wa Urusi, katika Vita Kuu ya Kwanza, anahamia kwa Wekundu, anawaasi, anakuwa upande wa Weupe, wapinzani wa Wekundu katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, anarudi kwa Wekundu, kisha anaangukia kwenye genge la waasi. Mwisho wa yote anaitosa bunduki yake mto Don na kurudi nyumbani kwa mwanawe mdogo. Ukomunisti haumwingii hata mwishoni. Miaka hiyo kulikuwa na waandishi waliopigwa risasi kwa makosa madogo kuliko hayo.

Kwanza tuwajue Wakosaki wenyewe. Walikuwa wakulima na wapanda farasi wa mipakani. Dola iliwapa ardhi, nao wakailipia kwa jeshi: kijana alipoitwa alikwenda na farasi wake na sare yake, vyote kwa gharama ya nyumbani kwao. Kwa hiyo mapinduzi ya 1917 yaliyoahidi ardhi kwa maskini yaliwakuta wao tayari wana ardhi. Januari 1919 uongozi wa Wabolsheviki, yaani wakomunisti wa Urusi, ukatoa agizo la kuwatia hofu kwa mauaji ya halaiki, kuanzia Wakosaki matajiri. Watu wakauawa, na Machi wilaya za Don ya Juu zikalipuka kwa uasi, kitovu chake Vyoshenskaya.

Huko ndiko kwao Sholokhov, aliyezaliwa 1905. (Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe hakuwa Mkosaki wa damu, baba yake alitoka kwa watu wa kuja.) Aliuona uasi ule akiwa bado mvulana. Baadaye akamtafuta Kharlampy Yermakov, mmoja wa makamanda wa waasi, amsimulie. Mengi ya Grigory yametoka kwake. Yermakov aliuawa na serikali mwaka 1927, mwaka mmoja kabla riwaya haijaanza kuchapishwa.

Juzuu ya tatu ndiyo iliyokwama. Inaeleza uasi na kutaja chanzo chake waziwazi: watu waliouawa bila hatia. Jarida la Oktyabr likasimamisha sura zake mwaka 1929. Mwaka 1931 mwandishi mashuhuri Maxim Gorky akamkutanisha Sholokhov na Stalin nyumbani kwake, na mwaka uliofuata uchapishaji ukaendelea.

Stalin alipata nini? Kwa maoni yangu, alipata mahali pa kuitundika lawama. Kitabu hakisemi mapinduzi yalikuwa kosa. Kinasema kuna waliovuka mpaka mwaka 1919. Na kufikia 1931 Trotsky, hasimu wa Stalin aliyeongoza Jeshi Jekundu mwaka 1919, alikuwa amekwisha kufukuzwa nchini, kwa hiyo madhambi ya wakati ule yalikuwa na pa kwenda. Isitoshe, riwaya ilikuwa tamu na wasomaji walikuwa wakiigombania. Hata hivyo, katika kamati ya tuzo wapo walionung'unika kwamba Grigory hakuongoka.

Kulikuwa na minong'ono mingine pia, kwamba kijana wa miaka 22 hawezi kuandika hivyo na kwamba aliiba mswada wa ofisa wa Weupe. Tume ya 1929 ilimsafisha, minong'ono ikaendelea, mpaka miswada ya juzuu za mwanzo ilipopatikana mwaka 1999, mwingi kwa mwandiko wake.

Tuzo ya Nobel ikamfikia 1965, na Kremlin ikafurahi, tofauti na 1958 ilipomlazimisha mwandishi mwingine, Boris Pasternak, kuikataa yake. Miezi michache baadaye, kwenye mkutano mkuu wa chama wa 1966, Sholokhov alipanda jukwaani kuwazungumzia waandishi wawili, Sinyavsky na Daniel, waliofungwa kwa sababu ya vitabu vyao. Alilalamika kwamba adhabu yao ilikuwa ndogo, akakumbusha jinsi watu walivyohukumiwa miaka ya 1920.

Ni miaka ileile iliyommaliza Yermakov.