Je, wajua? Jani la hosta ya buluu si la buluu

Shika jani la hosta ya buluu kwa mkono mmoja, kisha lipanguse polepole kwa kidole gumba cha mkono wa pili. Pale kidole kilipopita patabaki mstari wa kijani kilichokoza, unaong'aa kidogo, na kwenye ncha ya kidole utaona kama unga mwembamba mweupe. Nilipofanya hivyo mara ya kwanza nilidhani nimelijeruhi jani. Kumbe nimelivua nguo.

Kwa asiyeijua, hosta ni mmea wa kivulini ambao majani yake mapana huchomoza moja kwa moja kutoka udongoni na kuinamia nje mpaka yafanye kichaka cha mviringo. Kwao ni Japani, Korea na China. Zile za buluu nyingi zina damu ya Hosta sieboldiana, spishi yenye jina la Philipp Franz von Siebold, daktari Mjerumani aliyefanya kazi Japani miaka ya 1820 na kurudi Ulaya na shehena ya mimea. Mwaka 1961 Mwingereza Eric Smith aliichanganya na hosta nyingine inayochelewa kutoa maua, na katika uzao huo ikatokea 'Halcyon', ambayo mpaka leo ukiuliza hosta nzuri ya buluu utatajiwa.

Sasa ule unga. Ni nta. Ngozi ya jani huitoa kwa chembe ndogo mno, na mwanga ukizipiga hutawanyika, ule wa buluu ukitawanyika kuliko rangi nyingine. Jani lenyewe chini yake ni la kijani kama majani mengine yote. Sisi tunaliona kupitia ukungu. Zabibu nyeusi nazo huwa na ukungu wa namna hiyo kabla hujazigusa. Nta hiyo hulikinga jani na mwanga mkali, huzuia maji yake yasipotee ovyo, na tone la mvua likianguka juu yake hubiringika kama gololi.

Jambo ambalo wakulima wengi wa bustani hawaambiwi ni hili: jani hujipaka nta hasa likiwa changa, wakati linakunjuka. Likishakomaa, nta iliyofutika haitarudi kama ilivyokuwa. Jua kali huilainisha, mvua huisugua, na maji ya bomba yanayorushwa kutoka juu humalizia. Ndiyo maana hosta iliyochipua ikiwa ya buluu hugeuka kijani kabla majira ya joto hayajaisha, na mwenye nayo huanza kuimwagia mbolea akidhani inaumwa. Haiumwi hata kidogo.

Ukilielewa hilo, matunzo yake karibu yote yanajieleza. Mwagilia penye shina, si juu ya majani. Usiipulizie dawa ya sabuni wala mafuta, kwani huondoa nta kwa siku moja. Ipande mahali inapopata jua la asubuhi, ambalo ni laini, kisha kivuli kuanzia mchana. Kivuli si giza. Hosta iliyosukumwa kwenye kona isiyoona mwanga kabisa haifi, lakini hudumaa na kutoa majani machache. Chini ya mti ni pazuri, ila chunguza kwanza udongo: ukikuta mizizi ya mti imejaa juujuu, itainyang'anya maji, na hosta ina kiu kuliko mimea mingi. Changanya mboji ya kutosha na utandaze majani makavu juu ya udongo, ukiacha nafasi kidogo kuzunguka shina.

Hosta zenye rangi nyingine zina hesabu tofauti. Za manjano huhitaji jua zaidi kidogo, la sivyo hubaki na kijani cha kufifia. Zenye madoa au kingo nyeupe ndizo za kuhurumia: sehemu nyeupe haina klorofili, ile rangi ya kijani ya majani, hivyo haijipikii chakula, na jua la adhuhuri huiunguza ikawa kahawia kama karatasi iliyokaribia moto. Wakati mwingine kichaka cha namna hiyo hutoa chipukizi la kijani kitupu. Ling'oe mapema pamoja na mzizi wake, maana lina nguvu kuliko wenzake na litawameza.

Adui wa kila siku ni konokono, wenye gamba na wasio nalo, wanaotoboa majani usiku. Majani mazito huwashinda, na hizi za buluu mara nyingi ndizo zenye majani mazito. Toka na tochi baada ya mvua uwaokote kwa mkono. Sijaona njia ya uhakika zaidi.

Kuna adui mwingine asiyeonekana, na huyu ananitia wasiwasi zaidi. Ni virusi viitwavyo HVX (Hosta Virus X), vilivyotambuliwa mwaka 1996, ambavyo huhamia mmea mwingine kupitia utomvu ulioko kwenye kisu au mikononi. Dalili yake ni rangi inayochuruzika kandokando ya mishipa ya jani, kama wino uliomwagika kwenye kitambaa. Inapendeza macho kiasi kwamba baadhi ya mimea yenye ugonjwa iliwahi kuuzwa kama aina mpya. Dawa haina, kichaka hung'olewa na kutupwa. Kwa hiyo ukiwa unakata vichaka vya hosta kuvigawa upande upya, safisha kisu kabla hujahamia kichaka kinachofuata.

Mwisho, baridi. Hosta lazima ilale. Majani hunyauka yote, shina hupumzika udongoni kwa wiki nyingi za baridi inayokaribia kuganda, na bila usingizi huo mmea hudhoofika mwaka hadi mwaka, hata ukiupa kivuli na maji. Palipo na joto mwaka mzima, ni mmea wa kutazama kwenye picha. Lakini ikishalala vizuri, ncha kali za machipukizi hupasua udongo, zikiwa zimejiviringisha kama karatasi, na zinapokunjuka nta huwa mpya, nzima, haijaguswa na mtu. Hiyo ndiyo siku ya kuitazama kwa karibu, mikono ikiwa nyuma.