Kitanzi cha ethi: kwa nini redio inavuma

Mama mdogo anakaa Ngamiani, hapa Tanga. Sebuleni kwake kuna amplifaya ya zamani yenye boksi la chuma, spika mbili za mbao na deki ya kaseti zake za taarabu. Mwaka juzi kikaongezeka king'amuzi cha dishi, naye akapitisha sauti yake kwenye amplifaya hiyo hiyo. Tangu siku hiyo spika zinavuma. "Kama nyuki wamefungiwa mtungini, mwanangu," aliniambia hata hajamaliza kuitikia marahaba. Fundi mmoja alishamwambia spika zimekufa, atafute nyingine. Spika zilikuwa nzima kabisa.

Mvumo wa aina hii unatokana na kitu kinachoitwa kitanzi cha ethi.

Umeme wa kwenye soketi zetu ni wa volti 230, nao huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Mwendo huo unatokana na mitambo inayozunguka, ya Hale na Pangani kwetu huku pamoja na mingine yote ya gridi, kwa hiyo redio mbovu ya Tanga na redio mbovu ya Mbeya zinavuma kwa sauti moja. Ni sauti nzito, ya chini sana. Spika ndogo huitoa kwa shida, lakini sabufa huishangilia.

Ethi nayo ni ule waya wa kijani wenye mstari wa njano. Unaanzia kwenye pini ndefu ya plagi na kuishia kwenye fimbo iliyofukiwa ardhini. Siku waya wa moto ukigusa boksi la chuma, umeme upate njia ya kukimbilia na swichi ijikate, badala ya kukungoja wewe uguse.

Sasa tazama waya wa AV, ule wenye vichwa vyekundu na vyeupe. Ukiuchuna utaona uzi wa katikati unaobeba sauti, na kuuzunguka kuna wavu wa nyuzi nyembamba. Wavu huo unaikinga sauti, lakini pia unaunganisha boksi la kifaa kimoja na boksi la kingine. Kama kila kifaa kimeshika ardhi kwa njia yake, wavu unakamilisha duara: ardhi, kifaa, wavu, kifaa, ardhi tena. Hicho ndicho kitanzi.

Na ardhi ya huku si lazima ilingane na ya kule. Unganisha ndoo mbili za maji kwa mpira, kisha inua moja kidogo tu: maji yatahama. Tofauti ndogo ya volti kati ya ethi mbili inasukuma mkondo kwenye wavu vivyo hivyo. Sauti yenyewe inayopita humo haizidi volti moja au mbili, kwa hiyo hata sehemu chache tu za volti moja iliyogawanywa mara elfu zinasikika. Amplifaya haijui kipi ni udi na kipi ni umeme, inakuza vyote.

Kwa mama mdogo nilikwama kidogo. Plagi ya king'amuzi ina pini mbili tu. Yeye huiingiza kwa kusukuma kalamu kwenye tundu la juu la soketi (wengi tunafanya hivyo, na si jambo zuri). Kisicho na ethi kitafanyaje kitanzi? Tukapunguza sauti, tukachomoa waya za nyuma ya amplifaya mmoja mmoja. Ya deki: mvumo upo. Ya king'amuzi: kimya. Tukairudisha, nikafungua waya wa dishi: kimya tena. Nikaushika ule waya wa dishi kwa vidole viwili, nikausogeza kwenye king'amuzi. Ukingo wa kichwa chake ulipogusa tu, kabla sijazungusha hata mara moja, nyuki wakarudi. Ethi ya pili ilikuwa inaingia kwa kupitia dishi, ambalo limefungwa kwenye nguzo ya chuma iliyochimbiwa uani.

Kama mvumo ungebaki baada ya kuchomoa kila kitu, ningeishuku amplifaya yenyewe. Kapasita zake, vile vikopo vya ndani vinavyotuliza umeme, zikichoka hutoa mvumo wa mara 100 kwa sekunde, mwembamba kidogo kuliko huu. Na kwa sisi tunaokaa karibu na bahari, chumvi hula matundu ya waya za AV. Wavu usiposhika vizuri redio huvuma, na ukiutikisa waya mvumo hubadilika. Hapo dawa ni kusugua kutu, au waya mpya.

Vifaa vyenye pini tatu vikipishana kwa soketi za mbali, mara nyingi inatosha kuvichomeka vyote kwenye ekstensheni moja. Hapa isingesaidia. Nilitafuta kitransfoma cha sauti, kiboksi kidogo kinachokaa katikati ya waya wa AV. Ndani yake mna koili, yaani waya zilizoviringishwa, zisizogusana. Sauti inavuka kwa sumaku, mkondo wa ethi unakuta daraja limekatika.

Utamkuta fundi wa kukushauri ukate pini ya ethi ya amplifaya. Mvumo utaisha kweli, nami sibishi. Ila boksi lile la chuma halina tena pa kukimbizia umeme, na mama mdogo hupenda kulifuta vumbi kwa kitambaa chenye maji.

Tulipomaliza akaweka kaseti, akasikiliza kabla waimbaji hawajaanza.

"Na huo unaosema shhh?"

"Huo ni wa kaseti yenyewe, mama."

"Basi huo uache."